Tukisubiri Kivuko

Sinza, Dar es Salaam
11 Februari 2023

Mpendwa Mjomba Apolinari,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta wazima, wewe na Mama Evod na wote hapo Lipangalala. Sisi huku tuko salama, joto tu ndilo linalotusumbua. Mwanangu Yosefina ameota meno ya mbele na anang'ata kila anachofikia, hata shingo ya gitaa langu ina alama zake. Nimeziacha. Mama angekuwepo angesema mtoto ameanza masomo.

Mjomba, nimekupigia simu wiki nzima, inaita mpaka inakata. Nikampigia Evod, akaniambia, "Mzee siku hizi anataka barua." Nilicheka, halafu nikaenda kununua kalamu.

Albamu yetu imetoka! *Tukisubiri Kivuko*, magitaa mawili, nyimbo nane, wewe na mimi. Juu ya jalada tumeweka ile picha mliyopigwa wewe na mama kando ya mto zamani za bendi yenu ya Lumemo Jazz, mama akiwa na kitambaa kichwani na wewe na suruali ya bugaluu. Vijana wa huku wanadhani ni picha ya kutengeneza.

Nimempa dereva wa basi la Ifakara bahasha yenye CD na flashi. Kila nikiisikiliza narudi Mang'ula, kwenye ile nyumba tupu chini ya mlima, Jenifer wetu wa mitambo akitundika mablanketi madirishani ili sauti isirudi, ngedere wakikimbia juu ya bati, na wewe ukikataa hedifoni, eti zinakubana kichwa. Ukataka tukae tunatazamana, magoti karibu yagusane. Jenifer alilalamika kwamba vinasa sauti vinaingiliana, lakini hukumjali.

Isikilize, mjomba, kisha uniambie ni wimbo gani umekugusa kuliko zote. Wewe ndiye uliyenifundisha kushika gitaa. Neno lako nalingoja kuliko la mtu mwingine yeyote.

Mpwa wako,
Dativa

---

Lipangalala, Ifakara
9 Machi 2023

Kwako mwanangu Dativa,

Marahaba. Tumeipokea barua yako pamoja na bahasha, na mkono wa Yosefina uliouchora kwa kalamu pembeni tumeubandika ukutani. Sisi hatujambo. Mvua zimekubali mwaka huu. Mpunga umesimama vizuri, ingawa kule bondeni ng'ombe waliingia kwenye mashamba ya watu na ilibidi vikao viitishwe. Kija, jirani yetu yule Msukuma mwenye mashine ya kukoboa, ndiye aliyewasuluhisha, maana wenye ng'ombe wanamsikiliza na wenye mpunga wanakoboa kwake. Jioni nakwenda kukaa pale mashineni. Watu wanashangaa navumiliaje ule mngurumo, lakini haunisumbui hata kidogo.

Kuhusu simu, nimempa Mama Evod. Maneno ya simu hayakai. Barua unaweza kuirudia.

Albamu ni nzuri. Kija anaipiga mashineni kwake kutwa nzima, na wanawake wanaopeta mchele wanatikisa mabega. Jina ulilochagua limenirudisha mbali. Unajua, tulipokuwa tunatoka kupiga Lupiro, mara nyingi tulikuta kivuko kiko ng'ambo, na aliyekiendesha hakuwa na haraka na mtu. Tulikaa juu ya masanduku ya vyombo. Wauza samaki walikuwa pale na vikapu vyao, wenye baiskeli, wagonjwa wa kupelekwa hospitali, mapadri. Mama yako hakuwa mtu wa kukaa bure. Alikuwa akiniambia, "Kaka, nipe kidogo." Mimi nagusa nyuzi, yeye anaimba, na wauza samaki wanasahau kupunga nzi. Nyimbo zetu nyingi hazikutungwa kwenye mazoezi, zilitungwa pale kwenye matope. Siku nyingine kivuko kilifika na watu wakagoma kupanda mpaka mama yako Levina amalize.

Siku hizi kuna daraja zuri. Magari yanapita bila kusimama, na ndivyo inavyotakiwa. Lakini pale chini hakuna tena anayekaa na mwenzake.

Mama Evod anakusalimu. Amekuwekea mchele.

Mjomba wako,
Apolinari

---

Sinza
28 Aprili 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mvua hazijawazidi. Huku barabara zimekuwa mito. Yosefina alikuwa na homa lakini sasa anakimbia na kuvunja vitu. Mwambie Mama Evod mchele nitaufuata mwenyewe.

Nimekaa na barua hii siku nyingi nikijiuliza kama niitume. Lakini najua Evod ataliona tu gazeti, na afadhali ulipate kwangu. Nimekukatia makala ya Nickolaus, yule anayeandika mambo ya muziki kila Jumamosi. Watu huku wanamwogopa. Akisema bendi imekufa, wenye kumbi wanaacha kuiita.

Mimi amenisifu, na sifa zenyewe zimenikaa kooni kama mwiba. Wewe ameandika hivi, nanukuu usije ukadhani nimeongeza: "Gitaa la mzee Apolinari linaburuta miguu. Mara nyingi linafika pale ambapo wimbo umeshaondoka. Katika wimbo wa tatu, 'Ng'ambo Kuna Taa', msikilizaji anajiuliza kama wapigaji hawa walikuwa katika chumba kimoja. Tunaheshimu historia, lakini heshima si mapigo. Mpwa amembeba mjomba wake mgongoni, na mzigo umeonekana."

Nililia, mjomba, kwa hasira. Jenifer anasema tumjibu. Nimeshaandika jibu mara mbili na kulichana. Anajua nini huyu kuhusu Lumemo Jazz? Alikuwa hajazaliwa mlipokuwa mnajaza ukumbi Mahenge.

Halafu kuna jambo. Nilikuuliza ni wimbo gani umekugusa, hukunijibu. Uliniandikia kuhusu mama na kivuko, na nilifurahi, lakini kuhusu albamu umesema ni nzuri tu. Wewe, ambaye ulikuwa unanisimamisha katikati ya wimbo kwa sababu ya uzi mmoja kulegea! Kama hukuipenda niambie. Sitavunjika.

Dativa

---

Lipangalala
22 Julai 2023

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa. Tulikuwa na mavuno, halafu Mama Evod aliugua mgongo, sasa ni mzima. Mpunga umeingia wa kutosha. Yosefina mpe pole ya homa, najua imepita zamani.

Makala niliisoma. Nimeisoma zaidi ya mara moja. Usimjibu mtu yule.

Gitaa nimelitundika kwa sasa. Vidole vinahitaji kupumzika.

Apolinari

---

Sinza
15 Agosti 2023

Mpendwa Mjomba,

Shikamoo, na pole nyingi kwa Mama Evod. Namtumia dawa ya kuchua pamoja na barua hii, apake jioni kisha ajifunike.

Barua yako fupi imenitisha kuliko makala ya Nickolaus. Umelitundika gitaa? Hukulitundika hata mwezi tulipomzika mama. Nakumbuka ulikaa uani unalipiga taratibu mpaka wazee wa kanisa wakakuacha.

Sasa sikia habari nyingine. Kuna mwandishi wa Nairobi ana mtandao wake wa muziki, unasomwa mpaka Ulaya. Ameandika kurasa na kurasa kuhusu sisi. Anasema: "Gitaa la kwanza linauliza, la pili halijibu upesi. Linafikiri kwanza. Kile kimya kidogo kabla ya jibu la mzee ndicho kinachoifanya albamu hii isifanane na nyingine yoyote." Umeona? Kitu kilekile ambacho Nickolaus amekitukana, huyu amekipigia magoti! Tangu makala hiyo itoke simu yangu hailali. Tumealikwa kupiga hapa Dar mwezi wa kumi, ukumbi mzuri wenye viti vya watu mia kadhaa. Wamesema wazi kwamba wanataka wawili, si mmoja.

Njoo kwa treni, mjomba, au mimi nikufuate. Utalala kwangu. Chumba kina feni.

Na kama kuna kitu kimekukuta, niambie. Nimemuuliza Evod, akanijibu, "Muulize mwenyewe," kisha akaanza kuzungumzia bei ya mbolea.

Dativa

---

Lipangalala
30 Septemba 2023

Mwanangu Dativa,

Marahaba, mama. Mama Evod anashukuru kwa dawa, anasema inanuka lakini inasaidia. Tembo walishuka kutoka mlimani wakala migomba ya watu kule Mang'ula, usishangae ukisikia. Kija amepata mjukuu, amempa jina la Levina. Nilimuuliza Msukuma unapata wapi jina hilo, akaandika chini kwa kijiti: "Kwenye CD yako."

Ndiyo, aliandika chini. Nimeanza kukuambia.

Mimi sisikii, Dativa. Sikio la kulia lilikwenda kwanza, taratibu, nikadhani ni nta. La kushoto likafuata. Siku moja nilikuwa kwenye dungu nafukuza ndege shambani, nikaona kundi zima linaruka juu ya kichwa changu, mabawa yanapiga, na hakuna kitu. Kama picha. Nilipofika nyumbani nilimkuta Mama Evod analia kwa hasira, kumbe ameniita tangu njiani. Hiyo ilikuwa kabla hujaja na wazo la albamu.

Kwa nini sikusema? Ulikuja na furaha yako, na Jenifer na mitambo yake, na uso wa mama yako. Nikajiambia nyimbo hizi nazijua kwa mikono. Nyuzi za gitaa nilizipatanisha kwa kuweka kidevu juu ya mbao yake, mtetemo unaingia kwenye mifupa ya taya, mtu anaweza kujua uzi umekaza au umelegea. Ndiyo sababu nilikataa hedifoni. Ndiyo sababu nilitaka tutazamane. Nilikuwa naangalia mkono wako wa kulia. Kidole chako kikishuka, ndipo na mimi nashuka. Sasa macho si masikio. Kati ya kuona na kupiga kuna upenyo, na mimi nilijua upo, ila sikuweza kujua ni mkubwa kiasi gani.

Kwa hiyo Nickolaus amesema kweli. Ana masikio mazuri yule, ananiudhi lakini anayo. Na huyu wa Nairobi amenisifia ugonjwa. Sijui ni kipi kinauma zaidi.

Uliniuliza wimbo ulionigusa. Albamu yetu sijawahi kuisikia, mwanangu. Kija akiipiga naweka kiganja kwenye spika. Najua wimbo wa kwanza ni wa haraka na wa mwisho ni wa polepole. Basi.

Dar sitakuja. Mang'ula tulikuwa chumbani, tulirudia mpaka tukachoka. Mbele ya watu sitathubutu kukuaibisha.

Na ninakuomba kitu kimoja, nakuomba kama kaka wa mama yako. Usimwambie mtu. Usimwambie Nickolaus wala redio wala huyo wa Nairobi. Najua utatamani kuwafunga midomo. Lakini siku watakayojua, hakuna atakayesikiliza tena magitaa. Watasema maskini, kiziwi lakini anajitahidi. Nimepiga muziki tangu nina suruali moja. Wacha waniite mzee anayeburuta miguu. Hilo angalau ni neno analoambiwa mpiga gitaa.

Mjomba wako,
Apolinari

---

Sinza
6 Novemba 2023

Mjomba wangu,

Shikamoo. Sina habari za kuanzia. Nilipoisoma barua yako nilimwacha Yosefina kwa jirani, nikatembea mpaka Mwenge na kurudi, sikumbuki nilipita wapi.

Nilikuwa nakutazama usoni siku zote zile Mang'ula na sikuona. Wewe ulikuwa unatazama mkono wangu, na mimi nikadhani unanifurahia.

Onyesho tulilifanya. Wenye ukumbi walisema mjomba asipokuja watanipa mtu, wakanipa kijana mmoja hodari sana, ana vidole kama cherehani. Tulipiga nyimbo zetu zote. Kila nikigusa, yeye yupo. Hakuchelewa hata mara moja. Watu walipiga makofi na mimi nilishuka jukwaani nikiwa na baridi moyoni. Tulikuwa tumekimbia, mjomba. Tulikimbia pamoja kama watu wanaowahi mvua.

Niliporudi nyumbani nilikaa na albamu nikaisikiliza tena, safari hii si kwa kukutafuta wewe, kwa kujitafuta mimi. Na nimejisikia. Nawahi. Kila wimbo naanza vizuri, halafu naanza kusukuma, nasukuma, kama ninayeogopa kwamba nikinyamaza watu wataondoka. Wewe ndiye pekee uliyenizuia nisianguke mbele. Hukujua unanizuia, lakini ulinizuia.

Wiki iliyofuata niliitwa redioni, na nani yuko kiti cha pili? Nickolaus mwenyewe. Mwembamba, ana miwani, mpole kuliko kalamu yake. Mtangazaji akamwambia arudie aliyoyaandika, akarudia. Kisha akanigeukia.

"Dativa, tuambie ukweli. Kwa nini gitaa la mjomba wako linachelewa?"

Mjomba, neno lilikuwa kwenye ulimi. Lingetoka, Nickolaus angeomba radhi hewani, nchi nzima ingekuonea huruma kabla ya taarifa ya habari. Nikaona uso wako. Nikasema, "Halichelewi. Mimi ndiye ninayewahi. Sikilizeni tena."

Nickolaus akasema, "Wimbo wa tatu bado siukubali." Nikamwambia, "Huo hata mimi." Tukacheka, kipindi kikaisha. Jumamosi hii ameandika mistari michache tu, kwamba amesikiliza upya na nyimbo tano amezielewa vingine. Hakuandika kitu kuhusu wewe zaidi ya jina lako.

Nakuja Krismasi. Evod ameshapanga na daktari wa masikio. Usiniandikie kukataa, barua haitanikuta, nitakuwa njiani.

Dativa

---

Lipangalala
17 Februari 2024

Mwanangu Dativa,

Marahaba. Mlifika salama, Mama Evod alinionyesha ujumbe wako. Nyumba imepwaya tangu Yosefina aondoke. Ameacha kiatu kimoja chini ya kabati, tutakituma. Mvua ni nyingi mno mwaka huu, mto umepanda, wenzetu wa bondeni wamehamia kwa ndugu. Shamba la chini nimelihesabu limekwenda. La juu lipo.

Kile kifaa cha sikio kimefika wiki iliyopita. La kulia daktari alisema tusahau, la kushoto amenivalisha. Nilitoka pale nikashtuka: barabara yote ilikuwa inapiga kelele. Bodaboda, kuku, mtu anafagia. Nimefika nyumbani nikamwambia Mama Evod kandambili zake zina kelele, akakaa chini akacheka mpaka machozi. Sauti zenyewe si zilezile. Zina bati ndani. Daktari anasema nitazoea.

Juzi Kija amezima mashine mchana kweupe, wateja wana magunia yao nje, amewaambia mzee anataka kusikiliza. Tukakaa yeye na mimi.

Basi sasa nakujibu ulichoniuliza mwaka jana.

Wimbo wa kwanza ni mzuri, ila unawahi, kama ulivyosema. Wa pili na wa nne sina neno. Wa tatu nimechelewa, Dativa, nimechelewa vibaya, nimekuacha peke yako katikati ya mto. Nickolaus mwambie mzee amekubali. Wa tano ule nyuzi zangu mbili zimelegea na hakuna aliyeandika hilo, wahakiki wote wawili wamepitwa. Wa sita na wa saba nilisahau kwamba ni mimi. Nilikaa nasikiliza mtu na mpwa wake wanazungumza, mmoja ana moto na mwingine hana haraka, na nikatamani kuwajua.

Nimefika wa nane, ule tuliouita "Levina". Mwisho kabisa, tukiwa tumeshaacha nyuzi zinajifia zenyewe, kuna sauti. Nilidhani ni kifaa. Nikamwambia Kija arudishe. Akarudisha. Nikamwambia tena. Kija akaniambia kwa mdomo, nami nikamsikia, "Mzee, huyo ni Dativa. Anaimba na mdomo umefumbwa."

Ulikuwa unaimba, na mimi niko mbele yako, magoti karibu yagusane, sikujua. Hukuniambia. Labda hata wewe hukujua, na Jenifer akaiacha bila kusema. Mama yako ndivyo alivyokuwa anaanza pale kivukoni, kabla hajafungua kinywa, ili apate mahali pa kuingilia. Hakuna niliyemweleza habari hiyo, na wewe ulikuwa mdogo mno kuikumbuka. Nimelia mbele ya Kija na magunia ya watu, na sikuona haya.

Gitaa nimelitundua. Nyuzi za zamani nimezitoa, Evod ataniletea mpya kutoka Morogoro. Barabara zikikauka njoo na Jenifer. Tutaurudia ule wa tatu, mimi nikiwa nasikia. Na ule wa nane safari hii utauimba kwa maneno.

Mjomba wako,
Apolinari